Ukiachia resi, pikipiki ya umeme ikamate kiasi gani?

Mota ya pikipiki ya umeme inaweza kugeuka jenereta: dereva anapopunguza mwendo, tairi ndilo linaloizungusha, umeme unarudi kwenye betri, na pikipiki inakamata, yaani inapungua mwendo kama imefungwa breki. Wanaotaka ikamate kwa nguvu mara tu resi inapoachiwa wana hoja. Chukua Kigali, mji wa vilima. Pikipiki, dereva na abiria wakifika kilo 250, mteremko wenye kimo cha mita 100 unatoa takriban wati-saa 68. Ukiokoa hata nusu yake, umepata karibu kilomita nzima, na pedi za breki hazikuungua.

Barabara ikiwa tambarare, hesabu inabadilika. Kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa kunatoa chini ya wati-saa 7, na nyingine zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye betri. Kwa faida hiyo, sioni sababu ya kumpa bodaboda chombo kinachomkaba kila akilegeza mkono, huku kofia ya abiria ikimgonga kisogoni.

Kuna na usalama. Mota inaendesha tairi la nyuma, na ukifunga breki uzito unahamia mbele. Kwenye lami iliyolowa au barabara ya changarawe, tairi hilo lililopungukiwa uzito linaserereka upesi. Anayefuata nyuma naye haonywi: kwa kawaida taa ya breki huwashwa na swichi ya breki yenyewe, si resi, labda kontrola, yaani kifaa kinachoongoza mota, iwe imepangwa kuiwasha.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni betri iliyojaa. Dereva ametoka kubadilisha betri kileleni, anaanza kushuka, anaachia resi kama alivyozoea, na pikipiki haikamati, kwa sababu betri haina pa kuupokea umeme huo. Wapo wanaoshauri betri zichajiwe hadi asilimia 90 tu. Lakini asilimia 10 hiyo ni safari za abiria, na anayeikosa ni dereva.

Mimi ningeacha resi ikamate kidogo tu, kama injini ya petroli inavyofanya. Nguvu iliyobaki ningeiweka kwenye breki ya mkono: ukianza kuivuta mota inakamata, ukiendelea kuvuta pedi zinaingia, na tairi la nyuma likianza kuteleza kontrola inalegeza papo hapo. Kwa miji ya milima ningeongeza kitufe cha mteremko, dereva akibonyeze mwenyewe, na kikatae waziwazi, kwa taa na mlio, betri ikiwa imejaa.