Aliyekaa Mezani Apewe Sahani

Mtu akiingia mgahawani, akavuta kiti, akaagiza chakula na kukila palepale, sioni sababu ya kumpa vyombo vya kutupa. Migahawa mingi inayojitangaza kwamba imepunguza plastiki imeanzia pembeni. Imebadilisha mirija na kubandika tangazo mlangoni, huku mteja wa mezani akiendelea kuletewa chakula kwenye kile chombo cheupe cha povu chenye kifuniko.

Tazama sinia moja tu. Chakula kimo ndani ya chombo cha povu, mchuzi umo kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko wake. Kijiko na uma vimefungwa pamoja kwenye nailoni, na humohumo kuna pakiti ya chumvi ambayo mteja hataigusa. Bilauri ya plastiki ina kifuniko, na kifuniko kimechomekwa mrija, ingawa kinywaji chenyewe hakivuki meza. Nusu saa haijaisha, mteja ameshainuka na vyote vimezolewa kwa mkupuo mmoja kwenda pipani. Kijiko bado kizima kabisa.

Pa kuanzia ni hapo, kwa sababu vyombo vya mezani haviendi mbali. Vinatoka jikoni na vinarudi jikoni, hakuna haja ya kumdai mteja amana wala kumfuatilia avirudishe. Ufaransa imelifanya jambo hili kuwa sheria: tangu Januari 2023, mgahawa wenye nafasi ya kukaa wateja 20 au zaidi unatakiwa kuwapa wanaokula ndani vyombo vya kuoshwa na kutumika tena. Sheria hiyo haikuiacha nje migahawa ya vyakula vya haraka, ambayo kwa miaka mingi biashara yake yote ilisimama juu ya vyombo vya kutupa.

Wenye migahawa watataja maji, sabuni, mshahara wa mwoshaji, vyombo vinavyovunjika na vinavyopotea. Ni gharama za kweli, wala sizibezi. Lakini ziwekwe mezani pamoja na ile nyingine isiyosumbua macho kwa kuwa inalipwa kidogokidogo: katoni za vyombo zinazoisha na kununuliwa tena, stoo ya kuzihifadhi, na malipo ya kuzoa taka. Sahani ya stili ukishainunua umeinunua.

Hoja ya usafi, kwamba chombo kipya cha kutupa ni kisafi kuliko sahani iliyooshwa, ndiyo inayoniudhi. Upya wa chombo hauthibitishi usafi wake. Kabla ya kufika mezani kimepita mikono mingi na kimelala stoo. Usafi unaletwa na maji ya moto, sabuni, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo na kupewa muda wa kuifanya. Mgahawa unaokiri kwamba hauwezi kuosha sahani ipasavyo unanitia wasiwasi kuhusu visu na sufuria zake pia.

Wengine wanakimbilia kubadilisha malighafi, watupe vilevile ila kwa jina zuri zaidi. Vikombe vingi vya karatasi vimepakwa utando mwembamba wa plastiki kwa ndani ili visivuje, na utando huo ndio unaovifanya viwe vigumu kurejelezwa. Plastiki iitwayo PLA, inayotengenezwa kwa wanga wa mimea kama mahindi, huuzwa kwa sifa ya kuoza, lakini inahitaji kituo maalumu cha mboji chenye joto la karibu nyuzi 60. Ikitupwa mtaroni au baharini, itakaa muda mrefu sana. Povu nalo ni hewa tupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kulisafirisha kwenda kurejelezwa mara nyingi hakulipi. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ilikadiria kwamba katika taka zote za plastiki za mwaka 2019, zilizorejelezwa zilikuwa asilimia 9 tu. Kwa hali hiyo, anayeniambia nisijali kwa kuwa vyombo vyake vinarejelezeka hajanipa jibu.

Chakula cha kubeba ni kigumu zaidi, nakubali. Hata hivyo, mhudumu anaweza kuuliza kwanza: "Unahitaji kijiko?" Anayekwenda kulia nyumbani ana vijiko vyake. California ilianza na mirija: tangu Januari 2019, mgahawa wa kuhudumiwa mezani hauruhusiwi kutoa mrija wa plastiki mpaka mteja auombe. Napenda sheria hiyo kwa sababu haikuuondoa mrija kabisa. Wapo watu wenye ulemavu ambao bila mrija hawawezi kunywa, na wanaouomba wapewe bila kuhojiwa.

Ujerumani nayo, tangu Januari 2023, inawataka wauzaji wa chakula cha kubeba wawe na chombo cha kurudishwa, na chakula kilichomo kisiuzwe ghali zaidi. Maduka yenye wafanyakazi wasiozidi watano na eneo lisilozidi mita za mraba 80 yamesamehewa, lakini hata hayo lazima yampakulie mteja kwenye chombo alichokuja nacho iwapo ataomba. Hilo la mwisho mgahawa wowote unaweza kulianza bila kusubiri serikali. Mara nyingi mhudumu hukataa chombo cha mteja kwa sababu tu hakuna aliyemwambia afanyeje: akipokelee wapi, apime vipi, nani akikague kama ni kisafi. Mwenye mgahawa auandike utaratibu huo na aubandike pale pa kuagizia, mteja na mhudumu wote wauone.