Mbeya Peak na Pungulume: upite mgongoni au uambae ubavuni?

Kupanda Mbeya Peak na kurudi kwa njia ileile ni shughuli ya siku moja tu, unaingilia Kawetire kwenye barabara ya Chunya, unafika juu zaidi ya meta 2,800, mnapiga picha mnashuka. Ndo maana wenye miguu wanatamani kitu kikubwa zaidi, kwamba ukishafika kileleni usirudi, ukamate mgongo wa mlima uelekee magharibi mpaka Pungulume yenye meta kama 2,230, hema begani, mlale hukohuko. Shida ni hapo katikati. Usitegemee njia ya kueleweka, vijinjia vya wafugaji na waokota kuni vinaanza vizuri halafu vinapotelea kwenye nyasi.

Wanaosema pita mgongoni wana hoja nzito na mimi kiukweli nipo upande wao. Mgongo wenyewe ni alama, huku Mbeya mjini na bonde la Songwe, kule ardhi inashuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, ukianza kuporomoka upande wowote unajua umetoka. Halafu huvuki makorongo. Ukiamua kuambaa ubavuni kupitia vijijini unapanda na kushuka kila korongo, mpaka jioni miguu imeisha na kwenye ramani hujasogea.

Ila wanaopinga nao wasipuuzwe, maana kwanza kuna maji. Juu mgongoni usitarajie chemchemi, maji yanatokea chini kwenye makorongo. Lita moja ni kilo moja, weka lita 4 kwa siku pamoja na ya kupikia, siku mbili tayari ni kilo 8 na hujaweka hema wala chakula. Pili ni ramani za kwenye simu. Ramani ikichorwa kwa kontua (mistari ya mwinuko) za kila meta 20, genge la meta 15 linaweza lisionekane kabisa, kwenye skrini unaona mteremko wa kawaida, ukifika miguu inaning'inia. Pitisha kidole kwenye ramani ya simu kufuata mgongo uone inavyoonekana rahisi, halafu fungua picha ya satelaiti ya sehemu hiyohiyo utafute vivuli vyeusi na miamba, hapo ndo utaelewa.

Tatu ni muda. Kuna kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja nyingine kwa kila meta 600 za kupanda, kwa hiyo kilomita 10 zenye mwinuko wa meta 600 ni saa 3. Lakini hesabu hiyo ni ya kutembea kwenye ardhi nzuri. Kwenye nyasi za kifuani na begi la mgongoni zidisha mara mbili, na huku kwetu jua likizama saa 12 na nusu hivi giza halichelewi.

Jambo ambalo naona watu hawalipimi vya kutosha ni ukungu, na msimamo wangu umetokana na hilo. Mgongo wa mlima una mikono, yaani migongo midogo inayotoka pembeni. Ukiwa unapanda, mikono yote inakupeleka kwenye kilele kilekile, hata usipoona mbele. Ukiwa unashuka ni kinyume, kila mkono unakuvuta kwake, na kwenye ukungu unaweza kuufuata ule usio wako nusu saa nzima ukiamini uko sawa, mpaka unakuta genge. Sasa wengi wanapanga kutoka Mbeya Peak kushuka Pungulume kwa sababu ni mteremko. Mimi ningegeuza, nianzie Pungulume nimalizie Mbeya Peak. Ni kweli utapanda karibu meta 600 na maji yote mgongoni, asubuhi ya kwanza utateseka, lakini kosa la njia linapungua, na siku ya mwisho ukiwa umechoka unakutana na njia inayojulikana ya kushukia Kawetire badala ya kuhangaika kutafuta pa kuteremkia.

Msimu nao usibishanie sana, Novemba mpaka Aprili ni mvua na utelezi, achana nayo. Septemba na Oktoba nyasi zimekauka na moto wa kuandaa mashamba ukikosea njia unapanda mlima haraka kuliko mtu. Juni na Julai baridi ni kali lakini ndo afadhali, beba blanketi zito.

Na kabla ya yote pita ofisi ya kijiji, ongea na mwenyekiti na wazee wa Kisafwa, uulize sehemu za matambiko za kukwepa na makorongo yapi yana maji mwezi huo, na upande wa Kawetire uulize ruhusa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Ukipata kijana anayechunga huko juu, mlipe vizuri mwende naye. Chagueni na sehemu mbili za kukatisha safari, moja upande wa Mbeya, moja upande wa Rukwa, na kama saa 8 mchana hamjafika mlipopanga kulala, teremkeni kwa ya karibu.