Angalizo Likitoka, Nani Alipe Boti Isiyoondoka?

Kimbunga Melissa kilipoikaribia Jamaika mwishoni mwa Oktoba 2025, hoteli za ufukweni zilikuwa na siku kadhaa za kujipanga. Wageni wenye nafasi ya kuondoka waliwahi ndege, na waliobaki walijua mapema kinachokuja. Kilitua tarehe 28 kikiwa cha daraja la 5, lakini hakikumvizia mtu. Hata huku kwetu, Hidaya ilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilikuwa imeshaitangaza siku kadhaa kabla, na boti za Dar na Zanzibar zikasimama.

Mwanza hatupati vimbunga vya aina hiyo. Tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuupinda upepo ukawa kimbunga, na ziwa letu la Victoria, pamoja na kilomita zake za mraba 68,000 hivi, bado ni dogo kwa kazi hiyo. Tunachopata ni dhoruba za radi. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, juu ya maji yaliyobaki na joto, na mawingu hujijenga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuondoka ufukwe wa Capri Point, hapa Mwanza, saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuvua au kuangalia ndege anaingia ziwani wakati mabaki ya dhoruba huenda hayajaisha. Nahodha wake hana siku tatu za kujipanga. Akibahatika ana saa moja.

Ndiyo maana mjadala wa hoteli za Karibiani hauhamishiki huku mzimamzima. Kuna kitu kimoja cha kwao, hata hivyo, kinachofaa kuangaliwa: dhamana ya kimbunga. Baadhi ya hoteli huahidi kwamba kimbunga kikiipiga hoteli ukiwa umelipia, utapewa siku nyingine bure. Ukisoma masharti yake utakuta mara nyingi dhamana hulipia kimbunga kilichofika. Kile kilichotangazwa, kikakutoa mbio, halafu kikageukia baharini, mara nyingi ni hasara yako. Wenzetu wana miaka mingi kwenye biashara hii na bado swali la tahadhari isiyotimia linawasumbua.

Na hapo ndipo wenye hoteli za huku wanapokuwa na hoja nzito. TMA ina ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Angalizo la mvua kubwa au upepo mkali linaweza kutaja Kagera, Geita, Mwanza, Mara, Simiyu na Shinyanga kwa mkupuo mmoja. Mwenye hoteli Bwiru, hapa Mwanza, anauliza: mvua ikinyesha Muleba, huko Kagera, mimi nirudishe hela za watu kwa nini? Akisimamisha boti kila angalizo linapotoka, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba atakuwa na boti ya kupiga picha tu. Wageni wengi wa Mwanza si watalii wa kukaa wiki mbili. Ni watu wa semina, watu wa sendofu ya Jumamosi, na waliotoka Serengeti wakilala usiku mmoja kabla ya ndege. Safari ya kisiwa cha Saa Nane ikiahirishwa leo, kwao imekufa.

Mgeni naye ana hoja yake, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito zaidi. Yeye halijui ziwa. Anaona maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria, anaona jaketi okozi zimepangwa, anaamini kwamba kama kungekuwa na hatari angeambiwa. Wa kumwambia ni nani? Dada wa mapokezi ambaye bosi wake hataki kusikia neno kurudisha hela? Au nahodha anayelipwa kwa safari? Nahodha wa ziwa hili anajua upepo kuliko simu yoyote: akiona weusi umesimama upande wa visiwani na baridi imeshuka ghafla, anajua. Lakini asipoondoka hali chakula. Atasema, "Bosi, tukitoka sasa hivi tunawahi," na mara nyingi kweli watawahi.

Kwa hiyo sioni kosa kwenye ujuzi wa hali ya hewa. TMA ina rada Mwanza, utabiri wa ziwa unatolewa, redio zinausoma. Tatizo ni kwamba gharama ya boti isiyoondoka inamwangukia mtu mnyonge kuliko wote kwenye mnyororo, na huyo huyo ndiye tunamwachia uamuzi. Hoteli iandike sharti lake kabla hela haijapokelewa: kwenye angalizo, nahodha akisema hapana ni hapana, na analipwa sehemu ya siku yake; kwenye tahadhari, boti haitoki kabisa na hela ya boti inahamia siku nyingine au inarudishwa. Hela ya chumba ibaki, chumba hakijazama. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya safari. Itapanda kidogo, sawa.

Nchi kavu mambo ni rahisi zaidi, ila hata huko tunazembea. Radi zikianza, wageni wa bustanini hukimbilia banda la makuti, na wahudumu huwapelekea vinywaji humo humo. Banda la makuti linazuia mvua, radi halizuii. Watu waingizwe kwenye jengo la kuta, MC azime vyombo, hata kama keki haijakatwa. Kamati ya sherehe itanuna.

Sharti hili lina tundu moja kubwa, na wenye hoteli hawachoki kunikumbusha. Mgeni akikataliwa boti ya hoteli anatembea hadi mwalo wa jirani, na kwa elfu kadhaa anapata mtumbwi wa injini usio na hata jaketi moja. Hoteli imepoteza mteja, na mteja yuko hatarini kuliko mwanzo. Ni kweli. Hoteli moja ikijifungia sharti peke yake inahamisha hatari tu, kwa hiyo hoteli za ufukwe mmoja zinapaswa kukaa na kikundi cha usimamizi wa mwalo na TASAC, ambao ndio wasimamizi wa vyombo vya majini, wakubaliane kwamba siku ya tahadhari hakuna wa kubeba abiria wa matembezi. Wavuvi watauliza wao wanafidiwa na nani. Kwa abiria wa matembezi naona wenye hoteli wanaweza kuchangia. Kwa anayekwenda kutega nyavu zake, sina jibu la kumpa.