Saketi ya mrejesho inalaumiwa kwa kosa la rezista

Mafundi wengi hawaiamini chaja yenye saketi ya mrejesho wa volti, yaani inayopima volti ya betri na kujirekebisha yenyewe, na sababu zao zina uzito. Chaja ya kale, transfoma na dayodi nne tu, huvumilia vumbi na vishindo, na ikifa hufufuliwa kwa risasi ya kuchomea. Betri ya asidi ikiwa na mtu wa kuichomoa kwa wakati, chaja hiyo inatosha.

Lithiamu haina subira hiyo. Seli yake ya kawaida hujaa kwenye volti 4.20, na nafasi ya kukosea ni asilimia 1 hivi: volti 0.04. Saketi ya mrejesho huigawa volti ya betri kwa rezista mbili, ikalinganisha kipande kinachopatikana na volti ya rejea, yaani volti thabiti ya kulinganishia, kisha ikabana mkondo kadiri kikomo kinavyokaribia. Rezista ya omu 6,800 juu, ya omu 10,000 chini, rejea ya volti 2.5: jibu ni 4.20 kamili.

Jibu la karatasini, lakini. Rezista ya juu ikizidi kwa asilimia 1 na ya chini ikapungua kwa asilimia 1, kikomo kinapanda hadi 4.23. Rejea nayo ikizidi kwa asilimia 2, tuko 4.32. Hakuna kifaa hata kimoja kilichovuka kiwango cha kosa kilichoandikwa juu yake, ila seli inasukumwa volti 0.12 kupita kikomo kila inapochajiwa, mpaka inavimba. Kisha watu husema mrejesho haufai! Saketi ilitii ilichoambiwa. Aliyeidanganya ni rezista. Tumia rezista zenye kosa lisilozidi asilimia 0.1 na rejea ya asilimia 0.5, halafu shusha kikomo hadi 4.10. Utapoteza kama sehemu moja ya kumi ya ujazo, na betri itadumu zaidi sana. Mimi naikubali hasara hiyo bila kusita.

Mahali pa kupimia nako kunasahaulika. Waya zenye omu 0.05, zikipitisha ampea 10, humeza nusu volti. Chaja ya betri ya volti 12 inayojipima mdomoni pake huona 14.4, huku mita ukiigusisha kwenye vichwa vya betri inasoma 13.9. Ni kweli pengo hufungika mkondo unapopungua, ila kwa anayechajia jua, jua huzama kwanza. Waya mbili nyembamba za kupimia, zisizobeba mkondo wa kuchaji, zikifungwa kwenye vichwa vyenyewe, zinaliondoa pengo hilo.

Wapinzani wana hoja moja inayonisumbua kweli: waya ya kupimia ikikatika, chaja huona betri tupu na kusukuma bila breki. Hatari hiyo ipo. Rezista ya omu 100 kati ya tokeo la chaja na waya hiyo huirudisha saketi kujipima yenyewe, na chaja isiyo nayo mimi siiwashi.