Transformers ya 2017: Mabomu Yalitosha, Optimus Prime Hakuwepo

Hoja ya wanaowatetea maroboti wa mwongozaji filamu Michael Bay hapa Mwanza ni nyepesi kuisema na ngumu kuijibu: mtu akilipa kuingia kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, kuangalia muvi ya mapigano, anachodai ni mapigano. Ndivyo utakavyojibiwa Igoma, ndivyo utakavyojibiwa Mabatini, ukisema kwamba Transformers: The Last Knight, filamu ya tano ya mfululizo ule, iliyotoka mwaka 2017, ni filamu mbovu. Mimi nasema ni mbovu, na nitaeleza kwa nini. Lakini wanaonipinga wana hoja nzito kuliko wachambuzi wengi wanavyotaka kukubali, na si haki kuwapita haraka.

Kwa asiyefuatilia, Transformers zilianza kama vitu vya kuchezea watoto. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1984, ikitumia maumbo yaliyobuniwa na Takara ya Japani: gari unaloligeuza mkononi likawa roboti, bunduki ikawa roboti, redio ikawa roboti. Mwaka huohuo ikaja katuni ya televisheni, na ndani yake yale maplastiki yakapata majina na tabia. Optimus Prime, lori, ndiye kiongozi mwema. Megatron ndiye adui. Bay alipoileta hadithi hiyo na waigizaji wa kweli mwaka 2007, kwa bajeti ya dola milioni 150 hivi, filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 700. Ya 2011 na ya 2014 zilivuka bilioni moja kila moja. Hii ya 2017 iligharimu zaidi ya milioni 200, ikaingiza kama milioni 605 dunia nzima, na katika hizo ni milioni 130 hivi tu zilizotoka Marekani na Kanada. Hata Wamarekani, wenye mali yao, walishachoka.

Ndani ya filamu hiyo moja tunapewa Mfalme Arthur na mchawi Merlin aliyelewa, fimbo ya kale yenye nguvu za ajabu, sayari ya maroboti inayokuja kuigonga dunia, chama cha siri kilichowaficha maroboti kwa karne nyingi, nyambizi, mawe ya Stonehenge, na juu ya yote habari kwamba dunia tunayoikanyaga yenyewe ni jitu lililolala. Anthony Hopkins, mwigizaji wa kuheshimika kabisa, ndiye aliyetwishwa kazi ya kutueleza hayo yote, naye anaeleza, anaeleza, anaeleza. Kuna binti yatima anaitwa Izabella, anayeishi kwenye magofu ya Chicago na kiroboti kibovu kinachosafiri naye. Dakika za mwanzo unaamini kwamba filamu ni yake, na moyo unamfuata. Kisha watu wazima wanaondoka kwenda Uingereza, yeye anaachwa, na anarudi karibu na mwisho wakati ambapo hana tena cha kufanya cha maana.

Haya, tuwasikilize wanaoipenda.

Kibanda umiza kina mabenchi, mabati, joto na spika kubwa kuliko chumba chenyewe. Muvi inayoonyeshwa mara nyingi imeshapita kwa msimuliaji, yule DJ anayepaza sauti yake juu ya Kiingereza na kutuambia nani ni nani na anataka nini, kazi iliyompa Lufufu jina nchi nzima. Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria hali ni hiyohiyo. Kwenye makambi ya dagaa, usiku wa mbalamwezi mitumbwi hulala ufukweni kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, na hizo ndizo siku banda la video linajaa watu waliochoka kwelikweli. Watu hao wanataka kitu kinachotembea, kinacholia na kinacholipuka, na wana haki ya kukitaka. Mchambuzi anayewacheka wavuvi hawa kwa sababu hawakudai mpangilio mzuri wa hadithi hajui filamu ina kazi gani kwa mtu aliyeshinda juani akianika dagaa.

Tena filamu ya namna hii inampa msimuliaji uwanja. Filamu ya maneno mengi inambana: lazima amfuate mwigizaji sentensi kwa sentensi, akikosea anaharibu. Filamu ya maroboti yanayogongana inamwachia dakika nzima za kujaza apendavyo. Niliwahi kumsikia Megatron akilalama kama mtu aliyedhulumiwa shamba na kaka yake, ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza. Wapenzi wa Bay wanasema huo ni ushahidi kwamba muvi inafanya kazi. Mimi nilichokiona siku ile ni ukumbi uliokuwa na njaa ya kujua kwa nini Megatron ana hasira, ukashibishwa na kijana mwenye maikrofoni kwa sababu walioandika filamu hawakushughulika.

Hoja yao ya pili ni ya ufundi, na hapo nawaunga mkono bila kinyongo. Optimus wa 2007 alijengwa kwenye kompyuta kwa vipande 10,108, na kila kipande kilipaswa kupata mahali pake lori linapojikunjua na kusimama kwa miguu miwili. Hiyo ni kazi ya mikono na akili ya watu wengi sana. Fundi wa gereji anayeijua injini kwa kuipapasa huliona jambo hilo haraka kuliko mwandishi wa magazeti. Nimekaa na mafundi wakabishana ekseli ya lori lile imekwenda wapi mguu ulipochomoza, na yalikuwa mazungumzo ya maana kuliko mengi yaliyoandikwa kuhusu filamu hizi.

Ya tatu ni ya soko. Filamu ya 2014 ilipata zaidi ya dola milioni 300 China peke yake. Mtengenezaji anayejua kwamba wengi wa watazamaji wake hawasikii Kiingereza ana sababu ya kupunguza maneno na kuongeza milipuko. Sisi wa kanda ya ziwa tumo katika watazamaji hao, hata kama hela yetu haimfikii, kwa kuwa wengi tunawekewa muvi kwenye flashi na kijana mwenye kompyuta kando ya stendi.

Hoja hizi zote zina msingi mmoja, kwamba umati ndio hakimu. Usukumani hilo si jambo geni. Bujora, kwenye sherehe za Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, kila upande na kundi lake, na upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Wachezaji huleta kila kituko kinachoweza kugeuza shingo ya mtu: nyoka, vinyago, mizaha, mbinu mpya ambazo wapinzani hawajaziona. Vituko pale ni silaha halali, na babu zetu hawakuona aibu kuvitumia. Kwa hiyo mtu wa Mwanza hawezi kusema kwamba maonyesho ya kuvuta macho ni kitu cha chini.

Ila mtazamaji wa Bulabo ana miguu. Ngoma ikipooza anavuka uwanja kwenda upande wa pili, na mwenye ngoma anamwona akienda. Kwa hiyo kituko cha nyoka kinampa kundi dakika chache tu. Baada ya hapo lazima mtunzi awe na wimbo, na wimbo uwe na maneno yanayomgusa mtu. Mtazamaji wa sinema ameshalipa mlangoni kabla hajaona chochote. Dola zinazohesabiwa wiki ya kwanza zinapima tangazo na jina la filamu zilizotangulia, wala hazipimi filamu yenyewe. Hukumu ya umati kuhusu filamu fulani huonekana kwenye ile inayofuata.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Watu wengi huanza na kelele, urefu wa saa mbili na nusu, na ile tabia ya picha kubadilika upana kila baada ya sekunde chache, jambo linalouma macho. Hayo ni kweli, na ningeyavumilia yote. Nisichoweza kukivumilia ni walichomfanyia Optimus Prime.

Mwishoni mwa filamu ya 2014 anaruka kwenda angani kuwatafuta waliomuumba. Katika The Last Knight anafika sayari ya kwao, anamkuta Quintessa anayedai kuwa ndiye muumba wake, na huyo anamgeuza akili awe adui wa dunia. Wazo hilo ni zuri mno. Kiongozi ambaye watoto wamemwamini tangu 1984 anarudi kuua marafiki zake! Ungeweza kujenga filamu nzima hapo. Badala yake anapotea sehemu kubwa ya filamu, anarejea karibu na mwisho, anapigana na roboti rafiki yake Bumblebee, Bumblebee anayezungumza siku zote kwa vipande vya redio anapata sauti yake mwenyewe na kusema maneno machache, na Optimus anapona. Dakika chache baadaye anahutubia na kuongoza vita kama kwamba hakuna kilichotokea. Usaliti mkubwa kuliko wote katika hadithi hiyo umepewa muda mfupi kuliko maelezo ya Hopkins.

Hapo ndipo ule utetezi wa kwamba hivi ni vitu vya kuchezea tu, usitegemee mengi, unaponiudhi. Mtoto anayecheza hafanyi hivyo. Watoto wa Nyakato wanaounda malori ya waya kwa magurudumu ya ndala zilizochakaa wana sheria kali kabisa: lori hili ni la nani, limebeba nini, linaweza kupita wapi na haliwezi kupita wapi. Ukilipitisha lori la mwenzako kwenye maji kabla ya kukubaliana, mchezo unasimama na kesi inaanza. Mtoto anataka chombo chake kiwe na tabia na kikumbuke jana kilifanya nini. Bay amechukua miili ya vile vitu vya kuchezea na kuacha mchezo wenyewe.

Na historia ya bidhaa hii inathibitisha. Mwaka 1986 ilitoka filamu ya katuni ya Transformers, na ndani yake Optimus Prime akauawa. Sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa: bidhaa za zamani ziondoke, mpya zipate nafasi madukani. Watoto wa Marekani walilia kwenye kumbi, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 katuni ikalazimika kumfufua. Wauzaji wenyewe walishangaa kugundua kwamba plastiki yao ilikuwa imeshakuwa mtu. Basi tangazo la biashara linaweza kuzaa mhusika wa kulilia. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba asili ya hadithi hii hairuhusu moyo.

Wanaonipinga wana jibu moja la mwisho, na ni gumu. Baada ya 2017 walileta kile tulichokiomba. Bumblebee ya 2018, iliyoongozwa na Travis Knight, ina maroboti wachache, msichana mmoja mwenye msiba wa baba, na vita unavyoweza kuona nani kampiga nani. Ilisifiwa sana, lakini ikaingiza dola milioni 468 hivi, chini ya ile mbovu. Mwaka 2024 ikaja Transformers One, katuni ya Josh Cooley inayoeleza jinsi Optimus na Megatron walivyokuwa marafiki wa tabaka la chini kabisa, wachimba madini, kabla ya kuwa maadui. Wachambuzi waliipenda, watu hawakwenda. Haikufika hata dola milioni 150 dunia nzima. Kwa hiyo, wananiambia, hadithi nzuri hailipi.

Naukubali uzito wa tarakimu hizo. Lakini zipange kwa mfuatano: zaidi ya bilioni moja mwaka 2014, milioni 605 mwaka 2017, kisha 468, kisha ile ya 2023 ikapata kama 439, kisha kuanguka kwa 2024. Ya mwisho ni katuni, na katuni ina hesabu zake, hivyo sitaibebesha mzigo wote. Hata hivyo mteremko ulianza kwenye The Last Knight. Watu walilipia jina mara nne, mara ya tano wakajiona wamepunjwa, na zilipokuja filamu njema zilikuta mlango umefungwa. Bumblebee ililipa deni ambalo haikulikopa. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba filamu mbovu haimdhuru mtu yeyote: watu walioandika ile hadithi ya wachimba madini wawili walifanya kazi yao kwa uaminifu, na waliotawanya umati walikuwa wengine.

Kwa hiyo ukienda kuwekewa muvi kwenye flashi na una nafasi ya moja tu, chukua Bumblebee. Mwenye watoto nyumbani aongeze ile ya 2024, na awaache waione mpaka pale rafiki wawili wanapoachana. Ya 2017 iachie kibanda chenye spika kubwa na msimuliaji anayejua kumpa Megatron sababu ya hasira zake.