Setilaiti ya Uhuru: Iliondokea Ngomeni, Ikawa ya Nani?

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, roketi ndogo aina ya Scout ilifyatuka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani iliyojulikana NASA, shirika la anga la Marekani, kama SAS-1. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo, akaipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowapokea.

Kila inapotajwa, husikika kauli mbili. Wapo wanaosema ni fahari yetu: setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei (mionzi ya X) za angani iliruka kwetu, na jina lake ni letu. Wengine hujibu kwamba sisi tulikuwa gati tu. Meli ilitia nanga, ikapakia, ikaondoka na shehena yote.

Kwanza tuitazame shehena yenyewe, maana ni kubwa. Eksirei zinazotoka kwenye nyota hazifiki ardhini, hewa inayoizunguka dunia huzimeza zote. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi, mwanafizikia aliyekuja kuongoza wanasayansi wa Uhuru, na wenzake walizigundua kwa roketi iliyopanda juu dakika chache tu kisha ikaanguka. Uhuru ilikaa kazini zaidi ya miaka 2. Haikuwa na kioo cha kupiga picha. Ilikuwa na vihesabio viwili vya eksirei, vimepeana mgongo, nayo ikijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga ukanda kwa ukanda.

Kwa ufagiaji huo, Centaurus X-3, chanzo kimojawapo cha eksirei, ilionekana ikipiga kama mshipa, pigo moja kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2 hivi ikipotea nyuma ya nyota mwenzake. Hapo wataalamu wakaelewa kwamba nyota nyutroni, yaani kiini kidogo kilichoshindiliwa sana cha nyota iliyokufa, inamnyonya jirani yake gesi, na gesi hiyo ikiporomoka ndiyo inayowaka eksirei. Cygnus X-1, chanzo kingine, nayo ilikuwa ikimemeteka upesi mno, ishara kwamba kitu chenyewe ni kidogo sana. Darubini za ardhini zikaona nyota kubwa ikizungushana na kitu kizito kisichoonekana, kila siku 5.6. Hicho ndicho kilichokuja kukubalika kuwa shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Sifa hapo ni ya kugawana, kwa kuwa Uhuru peke yake isingeweza kuonyesha mahali hasa pa kutazama.

Je, mchango wetu ulikuwa jina tu? Hapana, na hapa wanaotuita gati wanakosea. Ngomeni iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki husukumwa na mzunguko wa dunia wenyewe, na setilaiti hukaa kwenye njia inayofuata ikweta, ikiepuka eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi huvuruga vihesabio. Kutoka Florida, roketi ndogo kama Scout isingeifikisha kwenye njia hiyo. Mahali palikuwa sehemu ya chombo.

Lakini mahali si watu. Orodha ya mwisho ya Uhuru, yenye vyanzo 339 vya eksirei, ilitolewa mwaka 1978 na waandishi 8, na hakuna Mkenya hata mmoja. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, na aliistahili. Kinachoniuma ni kwamba setilaiti nyingine za eksirei zilifuata kutoka jukwaa lilelile, kama Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974, na roketi ziliendelea kuruka hadi 1988. Miaka yote hiyo ingetosha kusomesha kizazi kizima cha wanaastronomia wa pwani. Kwangu mimi hoja hii ina uzito kuliko ile ya fahari, na mkataba wowote mpya juu ya kituo kile ningeupima kwanza kwa idadi ya wanafunzi wanaoingia maabara, kisha ndipo kodi ya ardhi.

Mwaka 2023 safari iligeuka: Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa kutoka California. Ni hatua njema, ingawa yenyewe inatazama mashamba na ardhi yetu, haitazami nyota.

Huko kwenye nyota jina letu halijafutika. Wanaastronomia hadi leo huandika majina ya vyanzo vya eksirei kama 4U 1820-30, na U hiyo ni Uhuru, 4 ni toleo la nne la orodha yake. Orodha nzima iko wazi kwenye hifadhi ya NASA. Mwanafunzi wa Malindi mwenye intaneti anaweza kuifungua jioni hii bila kuomba ruhusa ya mtu.