Ua Lililochanua Mwaka 1980

Shemeji yangu ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Niliposema ule mmea wetu wa Epiphyllum oxypetalum hufungua ua lake usiku na kulinyausha kabla hakujakucha, alicheka hadi akashika ubavu.

"Shemeji, hakuna ua lenye haraka hiyo. Siku tatu, ukipenda nne."

Tukawekeana dau: atakayeshindwa ataosha vyombo mwezi mzima. Mke wangu akawa refa.

Nikaisimamisha kamera mbele ya tumba lililokwisha kuvimba, taa hafifu kando, picha moja kila nusu dakika. Kwa saa kumi na mbili ni picha 1,440. Ukizichezesha 25 kwa sekunde, usiku mzima unakwisha kabla dakika haijatimia. Shida ndipo ilipoanzia. Video inajua saa yake yenyewe tu: sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haijui kwamba kila sekunde yake moja imemeza dakika kumi na mbili na nusu za ua. Na kwa mtu kama shemeji, video isiyoonyesha saa ni katuni. Ilibidi kila picha ibebe muda wake pembeni.

Asubuhi nikahamishia picha kwenye kompyuta, nikaiagiza programu iandike juu ya kila picha tarehe ya faili lake. Tukakaa sebuleni, refa katikati. Ua likafunguka kwa madaha, likalegea, likanyauka, na muda wote huo saa ya pembeni imeganda kwenye 09:05.

Shemeji akapiga makofi. "Kumbe si usiku mmoja! Ni dakika moja! Tena asubuhi, watu wameshaamka!"

Ule ulikuwa muda wa kunakili. Njia niliyotumia kuhamisha ilikuwa imeyapa mafaili yote tarehe mpya. Muda wa kupiga picha hukaa ndani ya picha yenyewe, kwenye taarifa za EXIF, sehemu iitwayo DateTimeOriginal, na huo haubadiliki kwa kunakili. Nikaufungua kwa furaha. Picha ya kwanza: tarehe mosi Januari 1980.

Kibetri cha ndani kinacholinda saa ya kamera kilikuwa kimekufa kimyakimya, hivyo nilipochomoa betri kubwa kuichaji, kamera ikasahau dunia na kuanza upya. Wala 1980 si mwaka wa kuokotwa: mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT, unaotumika kwenye kadi nyingi za kumbukumbu, huhesabu miaka kuanzia hapo, na hauna namna ya kuandika 1979. Mimi nilikuwa nimerekodi ua la kale.

Sitasimulia sana jinsi FFmpeg, ile programu ya kutengeneza video, nayo ilivyonigomea. Kichujio chake cha drawtext, kinachoandika maneno juu ya picha, hutumia nukta pacha (:) kutenganisha maagizo, na EXIF, kwa ukarimu wake, huweka nukta pacha kwenye saa na kwenye tarehe pia. Kila moja inataka mkwaju wake wa kinyume (\) mbele, la sivyo hakiandikwi kitu.

Nilichohitaji ni picha moja tu inayoonyesha saa ya kweli, ili nipate tofauti. Ukishaipata, ExifTool, programu ya kuhariri taarifa za EXIF, husogeza tarehe za picha zote kwa mpigo. Nikaanza kupekua moja moja. Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini kwenye video petali moja ilibaki imenyooka kama askari anayepiga saluti.

Ilikuwa imefungwa uzi.

Kwenye picha tano zinazofuatana kulikuwa na mkono. Kwenye video ni moja ya tano ya sekunde; macho hayaoni kitu. Ukisimamisha, unaona vidole vinazungusha uzi mweusi kwenye tumba ili lisifunguke. Na juu ya kifundo cha mkono huo, saa yenye mkanda mwekundu, imeelekea kamera kabisa: saa sita na robo usiku. Kamera ilisema 05:45. Nikapiga hesabu: basi betri niliirudisha saa kumi na mbili na nusu jioni, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyekuja kuniharibia ushahidi alikuwa ameniletea kipimo.

Nikaita kikao tena. Nikaweka ile picha ya mkono kwenye kioo, bado na tarehe yake ya asili.

"Huu mkono wa nani?" refa akauliza.

Shemeji alivuta mkono wa shati hadi kwenye vidole, akasogea, akasoma pembeni ya picha polepole.

"Dada, si unaona mwenyewe? Tarehe mosi Januari 1980. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Refa, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alisema hoja hiyo ina uzito.